Kadi Mbili za Luteni Mmoja

Mwaka wa sabini na tisa, miezi michache baada ya serikali ya zamani kuanguka, nilitumwa Kasese kusaidia kufunga hesabu za mishahara ya maofisa wa jeshi. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka uliotangulia. Nilikuwa na shahada, suruali mbili, na tabia ya kulifikiria jambo moja mpaka liharibike. Mama yangu alikuwa akisema kwamba hata nikipewa chai ninaanza kujiuliza kwa nini kikombe changu hakikujazwa kama cha mwenzangu. Hakuwa akitania.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Maofisa wengi walikuwa wamekimbilia Tanzania miaka ya nyuma, wakarudi na jeshi lililoiangusha serikali ile. Wakati wa vita hawakulipwa mshahara. Walipewa buti, blanketi, na mara mojamoja fedha kidogo za kujikimu, ambazo kila mtu alizitilia sahihi kwenye kadi yake. Sasa vita vilikuwa vimekwisha, na kila ofisa alitakiwa aje, aseme alijiunga lini na alipokea nini, alete maofisa wenzake wawili wa kumshuhudia, kisha kadi yake ijumlishwe, ipunguzwe, ipigwe mhuri na ifungwe. Waliozaliwa upande wa mlimani, kuanzia Kilembe mpaka mpakani Bwera, waliambiwa waje Kasese.

Kadi ya aliyekufa ilikatwa pembe ya juu kwa mkasi, mtu mwingine asije akalipwa kwa kadi ya marehemu. Baadaye ndugu zake waliitwa walete barua ya chifu wa gombolola, yaani wa tarafa yao, ndipo hesabu ifungwe. Nilizikuta kadi za namna hiyo zimefungwa pamoja kwa uzi ndani ya boksi la sabuni. Sikupenda kuligusa boksi hilo, na kila asubuhi nililigusa.

Ofisi yetu ilikuwa ghala la pamba karibu na stesheni ya reli. Pamba yenyewe haikuwepo. Wakulima walikuwa wameacha kuilima kwa kukosa wa kuwalipa. Lakini nyuzi zake zilibaki kwenye pembe na kwenye mbao za dari, na upepo wa moto wa mchana ulipovuma zilitushukia kwenye karatasi na kwenye wino. Maofisa walipanga foleni nje, juani, wakinung'unika, na mimi ndiye niliyekuwa burudani yao. Mmoja, meja mnene mwenye kovu shingoni, aliniuliza vita nilipigana wapi. Nilipojibu kwamba nilikuwa chuoni, aliwageukia wenzake.

"Huyu alikuwa analinda maktaba," akasema. "Na alilinda vizuri, hakuna kitabu kilichotekwa."

Walicheka, nami nikacheka. Kisha siku nzima nikajiuliza kama nilikuwa na haki ya kucheka.

Mkubwa wetu alikuwa kapteni mwembamba aliyekuwa akifundisha hesabu shuleni huko uhamishoni. Tulimwita afande kama askari walivyomwita. Alichokiogopa kuliko risasi ni ofisa hewa: mtu asiyekuwepo ambaye analipwa, au mtu mmoja anayelipwa mara mbili kwa kadi mbili. Siku ya kwanza aliniambia kwamba majina yakifanana nisimwamini mtu yeyote, hata yeye.

Wa tatu wetu alikuwa tarishi, Mkonzo wa makamo, mtu wa kabila la mlimani, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mgodi wa shaba wa Kilembe mpaka kifua kikamkataa. Alibeba mafaili, alichemsha chai sukari ilipopatikana, na alitafsiri wazee waliposhuka kutoka mlimani bila Kiswahili. Mimi Kiswahili nilikikulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, alikokuwa baba yangu, lakini Kikonzo sikukijua hata neno. Wiki ile ya kwanza tarishi alinikuta nimeinamia orodha nikipiga mistari myekundu chini ya majina yaliyorudiwa.

"Bwana karani, utamaliza wino," aliniambia. "Huku kwetu majina iko kidogo, watu iko mingi."

Nilidhani ni mzaha wake, kwa kuwa alikuwa mtu wa mizaha. Ningemuuliza swali moja tu, angenieleza yote kabla chai haijapoa. Sikumuuliza. Nilijiuliza mwenyewe, kama kawaida yangu.

Nilielewa baadaye, wakati kuelewa hakukuwa na faida. Kwa Wakonzo mtoto hangojei baba amchagulie jina. Anapewa jina la zamu yake ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ana lake, wa pili lake, wa tatu lake, nyumba kwa nyumba, kutoka Mahango mpaka Bwera na ng'ambo ya mpaka kwa ndugu zao wa Kongo. Ukisimama sokoni ukaliita jina la mvulana wa pili, nusu ya soko itakugeukia. Ndiyo maana siliandiki hapa jina la luteni wangu. Halingemtambulisha.

Kadi zilikuwa mbili. Zote zilikuwa na jina hilo la mvulana wa pili, zote zilikuwa na jina lile lile la ubatizo, zote za luteni, zote zilitaja shule moja ya misheni. Namba zilitofautiana, lakini namba za wakati wa vita zilitolewa na kila aliyekuwa na kalamu, na nilikuwa nimeshamwona mtu mmoja mwenye namba tatu. Kadi ya kwanza ilisema amezaliwa Mahango, nayo ilikuwa imekatwa pembe: amekufa, wiki chache kabla ya Kampala kutekwa. Kadi ya pili haikujazwa mahali pa kuzaliwa. Huyo alikuwa ametia sahihi mara mbili, huko huko Kampala, baada ya vita kwisha.

Niliziweka kando kwa kando kwa siku tatu. Niliyapima maandishi. Mwandiko ulikuwa mmoja: herufi zimelala upande wa kulia, mkia wa herufi ya mwisho umerudi nyuma kama ndoana. Sikujua kwamba bruda mmoja wa misheni alikuwa akiwapiga watoto vidole kwa rula mpaka wote waandike hivyo, na kwamba padri alikuwa akiwapa wavulana wote aliowabatiza siku moja jina la mtakatifu wa siku hiyo. Nilichoona mimi ni mtu mmoja mwenye kadi mbili. Na kama ni mmoja, basi aliyetia sahihi baada ya vita hakuwa amekufa kabla yake.

Nilimpelekea kapteni. Alizitazama muda mrefu, akaniambia huenda ni mtu mmoja na huenda si mmoja. Niandike barua Kampala, ningoje jibu. Niliandika barua. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua, na sijui hata leo kwa nini mimi, ninayeshindwa kuamua nivae shati lipi, niliamua jambo hilo upesi vile. Nadhani nililitaka. Katika boksi zima la sabuni hiyo ndiyo ilikuwa kadi pekee niliyoweza kuitoa. Nilichukua gundi nikabandika kipande cha karatasi pale pembe ilipokatwa.

Jibu la Kampala halikuwa limefika mama yake aliposhuka kutoka Mahango.

Ilikuwa Ijumaa. Alikuwa mjane, mwembamba, amenyoa kichwa kwa msiba, na barua ya chifu ameifunga kwenye pindo la kitenge. Alikuwa amewahi kuwauzia maharage wafanyakazi wa mgodi, kwa hiyo Kiswahili alikijua, kile cha Kilembe na cha Wakongo kilichochanganyika. Hakuuliza habari za mshahara. Nilianza kumweleza juu ya makato na masalio akaninyamazisha kwa kuinua mkono kidogo.

"Mutoto," akasema, "hiyo karatasi inasema wamemuweka wapi?"

Nilimwambia haisemi. Kadi zetu zilikuwa na nafasi ya buti na nafasi ya blanketi. Nafasi ya kaburi hazikuwa nayo. Alitikisa kichwa taratibu. Alinieleza kwamba nyumbani walikuwa wamefanya kama inavyofanywa mtu anapofia mbali na mwili usirudi: walikata mgomba, wakauvika shati lake, wakauzika kando ya nyumba. Alikuwa akitumaini atapata jina la mahali, hata mahali tu, aache kuufikiria ule mgomba.

"Basi ule mugomba ndiyo yeye," akasema, na akaanza kuinuka.

Hapo ndipo niliposema. Nimelirudia tukio hilo kichwani mara nyingi, na kila mara najiona nina nafasi ya kunyamaza: wakati anakunja kitenge, wakati anatafuta kandambili kwa mguu, wakati anageuka. Niliona kuwa kumwacha aondoke na mgomba wake huku mimi nina kadi ya pili kwenye droo ni ukatili ambao sitajisamehe.

"Mama, usiondoke," nilisema. "Naona kama mwanao yuko hai."

Hakupiga kelele. Alirudi akaketi juu ya gunia, akaweka mikono yote miwili kwenye meza yangu.

"Unaona, ao unajua?"

Maisha yangu yote sijawahi kujua kitu bila kukitilia shaka. Nilimtazama usoni, nikasema, "Najua."

Jumatatu tarishi alikuja na habari. Mama yule alikuwa amefika nyumbani jioni ya siku ile, akachukua jembe kabla ya kunywa maji, akalifukua kaburi. Alisema mtu aliye hai hawezi kuwa na kaburi, ni kumwitia kifo. Wazee wa ukoo walimsihi angoje, akawauliza wao ni nani wa kumwamuru angoje ikiwa ofisi ya jeshi imeshasema. Mgomba ulikuwa umeanza kuoza. Aliutupa bondeni, akalifua shati, akalianika. Na mkwewe, mke wa luteni, msichana ambaye wazazi wake walikuwa wamekuja kumchukua arudi kwao, aliambiwa afungue mzigo wake. Wazazi wake waliondoka peke yao.

Tarishi alinieleza haya akiwa amesimama, hakuwa na mzaha. Aliniuliza nilimwambia nini. Nilipomweleza, alikaa. Akaniuliza kama nina hakika ni luteni wa Mahango. Nikamwonyesha kadi. Akaniambia sasa, kwa kirefu, habari ya majina na zamu ya kuzaliwa. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikaanza kumbishania: mwandiko, jina la ubatizo, shule. Alichukua birika akaenda kuchota maji. Alikuwa mtu wa adabu, na mimi nilikuwa na shahada.

Nilijua tangu siku hiyo. Hilo ndilo ninalotaka kuliandika waziwazi. Nilijua kwamba huenda nimekosea, na sikupanda Mahango kusema huenda nimekosea. Nilijiambia ningoje barua ya Kampala ili nisimyumbishe mama wa watu mara mbili. Ilikuwa sababu nzuri. Sababu zangu huwa nzuri siku zote.

Naye akawa anakuja kila Ijumaa. Alitoka kwake alfajiri, akashuka mabonde yale kwa miguu, akafika ofisini jua likiwa bado halijawa kali. Aliniletea viazi vikuu vilivyochemshwa, au ndizi, au karanga kwenye jani. Aliniita mutoto yangu. Alikaa juu ya gunia lile lile, alilolisogeza karibu na mlango, na kila ofisa aliyeingia alimtazama usoni, wa kwanza mpaka wa mwisho, bila haraka. Maofisa walimzoea. Wale wale walionicheka mimi walimwamkia kwa heshima, na meja mwenye kovu alimwita Mama Jenerali, akawa anampigia saluti akiingia. Alitabasamu. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota, nyeupe kabisa.

Kapteni aliniuliza yule mama anangoja nini. Nikamwambia anasubiri hesabu ya mwanawe. Haikuwa uongo.

Ijumaa ya saba kulikuwa na foleni ndefu. Lori lilikuwa limeleta maofisa kutoka Bwera na Kinyamaseke, wachafu kwa vumbi, na kapteni alitaka wote waishe kabla ya saa nane. Alinikabidhi kadi zao, na mimi nikawa naita majina mlangoni. Nilifika kwenye kadi ile ya pili, ambayo kapteni alikuwa ameitoa kwenye droo yangu kwa kuwa jina lilikuwamo kwenye orodha ya lori. Nililiona jina, nikainua macho, nikamwona mama amekaa kwenye gunia lake anamenya karanga. Ningeweza kuiweka kadi ile chini ya nyingine. Ningeweza kumtuma tarishi amwite mtu yule kwa siri nyuma ya ghala. Nilifikiria yote hayo, na meja akasema, "Karani, umesahau kusoma?" Basi nikaita.

Mama alisimama. Karanga zilimwagika.

Kutoka kwenye foleni alitoka kijana mrefu, mweusi, mwenye kofia mkononi. Alikuwa ameshapiga hatua tatu kuelekea kwangu alipomwona mama. Alisimama hapo hapo. Walitazamana. Nilikuwa nikimtazama mama, na sitasahau kwamba kwa muda mdogo sana uso wake ulifurahi, kwa kuwa alikuwa anamfahamu. Kisha akatazama nyuma ya kijana yule, kwenye foleni, akimtafuta mwenzake.

Luteni alipiga magoti kwenye vumbi na gwanda lake. Alizungumza naye Kikonzo, na tarishi, aliyekuwa kando yangu, alinitafsiria kwa sauti ya chini bila kuombwa. Alikuwa mtoto wa Bwera. Walisoma pamoja na mwanawe shule ya misheni, walibatizwa siku moja. Likizo ambazo barabara ya Bwera ilikuwa na fujo alizimalizia Mahango, kwenye nyumba ya mama huyu, akila chakula chake. Walikimbia nchi pamoja. Jeshini waliwaita Mlima na Mpaka ili kuwatofautisha.

Mama alimuuliza jambo.

"Anauliza, wewe iko peke yako?" tarishi alinitafsiria.

Luteni alijibu kwa kuinamisha kichwa. Kisha alimweleza. Ilikuwa upande wa Masaka, kwenye shamba la kahawa. Mwenzake alipigwa tumboni asubuhi, akafa kabla ya adhuhuri. Alimfunika kwa blanketi la marehemu mwenyewe, na yeye na askari wawili wakamzika kati ya mistari ya mibuni, haraka, kwa kuwa mizinga ilikuwa bado inapiga. Ndiye aliyekwenda kutoa taarifa, na taarifa hiyo ndiyo iliyoikata kadi pembe. Alisema alirudi Bwera miezi miwili iliyopita na kila siku alikusudia kupanda Mahango, na kila siku alishindwa. Alidhani angalau walikuwa wameshalia, na msiba umekwisha.

Meja alikuwa amevua kofia.

Mama aliweka mkono juu ya kichwa cha luteni, akauacha hapo. Halafu akanigeukia mimi. Nilianza kusema. Nilisema nilikosea, nilisema kadi zilifanana, nilisema habari ya mwandiko. Aliniacha nimalize, kama mtu anavyomwacha mtoto alie.

"Wewe ulimufufua," akaniambia kwa Kiswahili, bila hasira. "Wewe utakuja kumuzika."

Kapteni aliniita ndani. Nilitarajia kufukuzwa kazi, na ningeshukuru. Alifunga mlango, akakaa, akasugua macho. Aliniuliza kama nilipata jibu la Kampala kabla ya kumwambia mama wa watu. Nikasema hapana. Aliniambia kwamba yeye hukosea kwenye karatasi na anafuta, na kwamba mimi nimekosea mahali ambapo hapafutiki. Kisha akanipa ruhusa ya siku mbili, akafungua mfuko wake akatoa fedha za kununulia mbuzi.

Tulipanda Jumamosi, luteni, tarishi na mimi, na mbuzi. Tarishi alisimama kila kona kutafuta pumzi, akidai anaangalia mandhari. Luteni alitangulia akimvuta mbuzi. Mahali fulani, juu ya mashamba ya mihogo, aliniuliza kwa Kiswahili chake cha Tanzania kama kweli mwandiko wao ulifanana kiasi hicho. Nikasema ndiyo. Akatabasamu kidogo, akasema bruda angefurahi. Kisha akalia, akitembea, bila kujifuta.

Shimo lilikuwa wazi. Mvua ya wiki saba ilikuwa imebomoa kingo zake na ndani palikuwa na maji mekundu. Ndugu wa ukoo walinisalimia kwa mkono, mmoja mmoja. Hakuna aliyenitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi njia nzima, nimepanga majibu, na kukosa kuyasikia kulinimaliza nguvu. Walinipa panga, nikakata mgomba walionionyesha. Sikuwa na mkono wa kazi hiyo. Ilinichukua mapigo mengi, na watu walingoja. Mkwe alileta shati. Lilikuwa safi, limepigwa pasi. Tuliuvika mgomba, mimi na luteni, na vifungo vilikuwa vidogo, luteni akavifunga yeye. Tuliuweka shimoni. Katekista alisoma sala. Waliniachia nirushe udongo wa kwanza, halafu walipoona siachi, tarishi alinishika kiwiko akalichukua jembe.

Mama alikuwa amekaa mlangoni akinyolewa. Zile nywele nyeupe zilianguka kwenye kanga. Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake, kama luteni alivyofanya, ingawa nilihisi kwamba magoti ya mwenzangu yalikuwa na haki na yangu hayakuwa nayo. Nilimwomba msamaha. Nilimwambia, "Mama, sisi watu wa ofisi tunakosea." Alinisikiliza kwa makini sana. Aliuliza, "Munakosea mara mingi?" Nikasema ndiyo, mara nyingi, kwa sababu ilikuwa kweli na kwa sababu nilitaka kujishusha mbele yake. Aliitikia kwa kichwa polepole, yule aliyekuwa akimnyoa akamwambia atulie.

Jibu la Kampala lilifika Jumatano. Mistari miwili: maofisa hao ni wawili, kadi ya Mahango ifungwe. Nilitoa kile kipande cha karatasi nilichobandika, nikajumlisha, nikapunguza buti na blanketi. Blanketi nilimwomba kapteni tusilikate. Aliliondoa kwa kalamu yake mwenyewe.

Mama hakuja kuchukua masalio. Tulituma habari mara mbili. Mwezi ulipokaribia kwisha alikuja mkwe, peke yake, na barua mpya ya chifu. Alikuwa msichana wa miaka kama ishirini hivi, na hakuwahi kuniambia neno kabla ya hapo. Nilimpa karatasi, akatia dole gumba, nikampa bahasha. Hakuihesabu. Nilimuuliza hali ya mama.

"Iko tu," akasema.

Nilimuuliza kama anakula, kama analala. Akasema anakula. Anapakua sahani ya mwanawe kwanza, anaifunika, ndipo anakula yake. Nilidhani sikusikia vizuri. Nikasema lakini tumezika, na luteni mwenyewe alimzika mwenzake kwa mikono yake.

"Alimufunika blanketi uso," mkwe akasema. "Mama anasema huyo luteni alizika haraka, mizinga inalia. Anasema mara ya kwanza ofisi ilisema amekufa, halafu ikasema yuko. Sasa inasema amekufa tena. Na wewe mwenyewe ulimuambia, watu wa ofisi munakosea mara mingi."

Nilimwambia safari hii hatujakosea. Nilimwambia hakika, hakika kabisa, nikamwonyesha barua ya Kampala, na yeye akaitazama kwa heshima, kama mtu asiyejua kusoma anavyoitazama karatasi ya mtu mwingine.

"Nitamuambia," akasema. "Lakini ulimuambia hivyo hivyo hapa, kwenye hii meza."

Aliificha bahasha kifuani. Alikuwa kwenye mlango aliporudi hatua moja. Aliniambia wazazi wake wamemtumia habari tena, wanataka arudi kwao, yeye ni mdogo bado, kuna mtu amemuulizia. Lakini mama anasema mke wa mtu aliye hai haendi popote, na yeye hana moyo wa kumwacha yule mzee peke yake na ile sahani.

"Na mimi nitangoja naye mpaka lini?" akaniuliza.

Aliniuliza kama mtu anavyomuuliza karani, akisimama sawasawa, kana kwamba kulikuwa na faili la jambo hilo mahali fulani kwenye rafu na mimi ndiye mwenye ufunguo. Alingoja kidogo, kwa adabu. Kisha akaaga, akajitwika kikapu chake, akatoka juani. Alikuwa na njia ndefu ya kupanda.